Waliogombea Kaburi la Dan

Mugambi alijaliwa miguu isiyotulia na mdomo usiofungika. Mwaka ule serikali iliifunga miguu ikausahau mdomo, na hapo ndipo balaa lilipopata mlango.

Ilikuwa lockdown ya elfu mbili ishirini na moja, ile iliyowabana watu wa magharibi mwa Sydney kuliko wenzao wa pwani. Kule ufukweni watu walipigwa picha wakianika matumbo juani. Huku Guildford helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa kama mwewe anayechagua kifaranga. Usiku kafyu. Mchana usivuke kilomita tano kutoka mlangoni pako. Ghala alikofanya kazi Mugambi lilikuwa limewarudisha vijana nyumbani hadi watakapoitwa, naye, kijana wa Kimeru aliyemaliza sekondari na kuja kumfuata mjomba wake, akabaki kuzunguka uani kama jogoo anayetafuta pa kutagia. Alipanga kabati la sufuria. Akalipangua. Akalipanga tena kwa urefu wa vifuniko.

"Keti," alisema Ankal Mwiti, ambaye alikuwa nesi, na aliyekuwa akirudi kutoka kazini na mikunjo ya barakoa usoni kama mtu aliyelalia mkeka. "Unanitia kizunguzungu."

"Nikiketi nitaota mizizi, Ankal."

"Ota. Council watakuja kukupogoa."

Lakini Ankal alijua kilichomwasha mpwa wake, na wala hakikuwa helikopta. Kiliitwa Ornella, binti wa Papa Kalume, Mkongo wa Bukavu aliyeishi Merrylands, mtaa wa pili. Mugambi angeweza kutembea hadi barabarani kwao na kupunga mkono kutoka ng'ambo, na alikuwa ameshafanya hivyo mpaka mbwa wa majirani wakaacha kumbwekea. Kupunga mkono hakuoi, lakini. Ornella alikuwa amepata nafasi ya kusomea ukunga kule Adelaide, na siku mipaka ya majimbo itakapofunguliwa angeondoka. Babake alikuwa ametamka: neno la posa lifike nyumbani kwake kabla binti hajapanda ndege. Lisipofika, akiondoka ameondoka, na kijana wa Kenya aache kumchosha kwa simu.

"Basi tulete neno," alikuwa amesema Ankal. "Zoom si ipo? Siku hizi watu wanazikwa kwa Zoom, watashindwa kuposwa?"

Zoom ilikuwepo. Asiyekuwepo ni Papa Vénérand.

Papa Vénérand alikuwa kaka mkubwa wa Papa Kalume, wa baba mmoja na mama tofauti, na aliishi Mount Druitt. Kwa desturi yao, binti haposwi kwa babake peke yake. Neno hupokelewa na papa mukubwa; yeye ndiye husema "karibu", na asiposema, wageni wamekuja kuangalia picha za ukutani. Na ndugu hawa wawili walikuwa hawajasemezana tangu baba yao alipozikwa.

Baba yao, Mchungaji Libère, ndiye aliyeanzisha ibada ya Kiswahili pale Merrylands, katika ukumbi wa kukodi, kwa viti vya plastiki na kinanda kimoja. Alifariki mwanzoni kabisa mwa korona, wakati makaburini waliruhusiwa watu wachache, wamesimama mbalimbali kama nguzo za ua. Matanga hayakuwepo. Na matangani ndipo ndugu hukaa chini, wakalia, wakala, wakagombana, wakapatana, na mwisho mzee mmoja akasimama akasema kiti cha marehemu atakikalia nani. Kwa kuwa hawakukaa, halikusemwa. Kila mmoja alijua moyoni kuwa kiti ni chake.

Matokeo yake, Jumapili saa nne kamili kulikuwa na ibada mbili: Zoom ya Papa Kalume na Zoom ya Papa Vénérand. Waumini wenye busara waliingia zote mbili, moja kwa simu na nyingine kwa kompyuta, wakizima sauti huku na kuwasha kule, wakiitikia "amina" ya huyu katikati ya mahubiri ya yule. Mugambi mwenyewe aliwahi kukosea, akaimba ubeti mzima wa wimbo wa Kalume ndani ya sala ya kimya ya Vénérand.

"Huyu ni nani anatuimbia?" Papa Vénérand aliuliza.

"Ni malaika, Papa," Mugambi alijibu, na akatolewa nje ya ibada kwa kubonyezwa.

*

Siku hizo za kuzunguka ndipo alipozoeana na Bibi Veturia.

Bibi Veturia alikuwa jirani wa upande wa pili wa ua wa mbao, mjane wa Kiromania mwenye miti ya plamu na bintiye aliyekwama Melbourne. Naye hakutulia. Alifagia majani yaliyokwisha kufagiwa. Waliongea Kiingereza, kila mmoja cha kwao, huku Mugambi amesimama juu ya ndoo ili kichwa kionekane.

"Mimi nimezaliwa Târgoviște," alimwambia. "Mji wa watawala wa Wallachia, zamani kabla haijaitwa Romania. Unawajua?"

"Namjua mmoja. Yule wa kuwachomeka watu kwenye vigingi."

Bibi Veturia alifanya uso wa mtu aliyetafuna plamu mbichi. "Kila mtu anaanza na huyo. Wewe anza na akina mama."

Akamwanzishia. Kulikuwa na mtawala aliyeacha wana wawili, Dan na Mircea, na inasemekana kila mmoja alikuwa na mama yake. Dan akatawala, akafa. Mircea akakaa kitini muda mrefu mpaka akaitwa Mkongwe. Mircea alipokufa, wana wa Dan wakasema sasa ni zamu yetu, na wana wa Mircea wakauliza zamu gani. Mmoja wa wana hao wa Mircea aliitwa Dracul, Joka, na uzao wake ukachukua jina hilo. Basi zikawa nyumba mbili, nyumba ya Dan na nyumba ya Joka, zikichinjana kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya kiti kimoja. Bibi Veturia alizisimulia kana kwamba Dan aliazima ngazi kwake wiki iliyopita na hajairudisha.

"Lakini sheria ilisemaje?" aliuliza Mugambi. "Si mwana wa kwanza ndiye hurithi?"

"Hapana. Kule ilitosha uwe na mfupa wa kitawala, basi. Wa kwanza, wa mwisho, wa ndoa, wa nje ya ndoa, mfupa ni mfupa. Halafu wakuu wa nchi wanachagua. Sharti moja tu: mwili uwe mzima. Ndiyo maana walikatana pua."

"Pua?"

"Asiye na pua hakai kitini. Kumuua ndugu ni dhambi kubwa. Pua," alisema, akikung'uta ufagio, "ni dhambi ndogo."

Mugambi nusura aanguke kutoka juu ya ndoo.

Akamweleza juu ya Dan wa Pili na binamu yake Radu, ambaye watu walimwita Kichwa Kitupu, walivyofukuzana kitini kwenda na kurudi mpaka kiti hakikupata nafasi ya kupoa. Na mwisho akamweleza juu ya Dan wa Tatu, aliyetaka kumpokonya kiti yule wa vigingi, akashindwa, akakamatwa. Wanasimulia kwamba alichimbishwa kaburi lake kwa mikono yake, akasomewa ibada yake ya mazishi angali hai anasikiliza, ndipo akakatwa kichwa.

"Nyumbani kwetu kila mtu anahadithia kaburi hilo," Bibi Veturia alisema. "Na kila mtu anaona babu yake ndiye aliyekuwa shimoni. Sijakutana na mtu hata mmoja ambaye babu yake alishika shoka."

*

Kisa kama hicho utamwekea nani? Mugambi alikuwa na simu, alikuwa na siku ndefu, na alikuwa na kikundi cha WhatsApp cha vijana wa kanisa waliokuwa wakichoka kutumiana picha za mikate waliyooka. Akabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Sikilizeni, enyi mliofungiwa! Paliondokea nchi ya baridi na milima, watu wake wanakula uji wa mahindi mgumu, yaani ugali, msicheke, ni ugali kabisa, jirani yangu kanionjesha. Na katika nchi hiyo palikuwa na kiti kimoja na makalio mengi…"

Akasema yote. Nyumba mbili, mama wawili, mfupa, pua. Akamwigiza Radu Kichwa Kitupu akirudi kwenye kiti na kukuta bado kina joto la Dan. Kaburi akalipa rekodi yake peke yake, kwa sauti ya chini, na alipofika pale Dan anapopumzika kidogo kwa koleo na kumuuliza padri kama shimo limetosha, hata mwenyewe alisisimkwa.

Vijana walicheka mpaka wakatuma rekodi kwa mama zao. Mama wakatuma kwa mashangazi. Mashangazi wakatuma Mount Druitt.

Sasa, watu waliolelewa katika Kiswahili, wawe wa Bukavu au wa Meru, wamekua ndani ya mafumbo. Mtu akisema mbele yako, "Kuna watu hawana shukrani," huulizi ni kina nani. Unajitazama. Khanga husema, nyimbo husema, mgeni akimsifu paka wa nyumba kwa unene, mwenye nyumba hujiuliza nani hajala. Kisa cha bure bure hakipo. Kila kisa kimevalishwa kofia na kuna kichwa kinachotafutwa chini yake. Katika ukoo wa Mchungaji Libère, wenye mama wawili, ndugu wawili na kiti kimoja, vichwa havikutafutwa mbali.

Ornella alipiga simu asubuhi, akinong'ona. Alikielewa Kiswahili chote, lakini kilipofika kinywani kiligeuka Kiingereza. "Mugambi, what did you do? Papa hajanywa chai. Anasema umemsema."

"Nimemsema wapi? Nimemsema Dan!"

"Anasema umemchora. Everyone knows, anasema."

"Ornella, watu hao wamekufa kabla viazi havijafika Ulaya!"

"Basi mwambie wewe," alisema, na akakata kwa kuwa miguu ya babake ilikuwa kwenye ngazi.

Mchana ikaja namba asiyoijua. "Weye njo Mugambi?" Ilikuwa sauti nzito, ya mimbarini, na "njo" yake ilikuwa "ndiye" ya Bukavu. "Miye Papa Vénérand. Nilisikia ile hadisi yako. Yote. Mara mbili."

"Papa mukubwa, shikamoo. Ile ni historia tu ya…"

"Nilisema siingiake mu ile réunion ya Kalume ya siku ya mposi, ile mukutano ya Jumamosi. Sasa nitaingia. Siji juu ya binti. Niko nakuja juu ya ile kaburi. Utatwambia Dan ni nani." Akakata.

Mugambi akaiweka simu mezani. Kitu alichokihangaikia miezi, kuwaweka ndugu wawili kwenye kioo kimoja, kilikuwa kimepatikana, ila kwa namna ya mtu aliyeomba mvua akaletewa mafuriko. Alizunguka meza. Akazunguka nyumba. Akazunguka mpaka jua likamchoka.

"Umewaita ndugu kwa matusi," alisema Ankal Mwiti jioni, akila. "Mimi ningewaita kwa pilau."

"Nifute?"

"Ufute nini? Imefika Mount Druitt. Ikishafika Mount Druitt haifutiki. Lala, Jumamosi uvae shati lenye kola. Na mdomo huo," alimnyooshea kijiko, "Jumamosi ni wangu. Mimi ndiye msemaji. Wewe ni muwa unaouzwa, muwa hauongei."

*

Jumamosi mchana Mugambi aliwasha kompyuta yake kuukuu, ambayo betri yake ilishakufa na waya wake wa chaji ulipitisha umeme ukipenda tu, mpaka uubane kwa kidole pale unapoingia. Yeye ndiye aliyefungua mkutano, kwa Zoom ya bure, ile ambayo ikifika muda wake hukata hata kama mtu yuko katikati ya kuapa.

Papa Kalume aliingia wa kwanza, amekaa karibu mno na kamera hata ukahisi pumzi yake, na nyuma yake mkewe, Mama Chibalonza, amejifunga kitenge kipya. Ornella, kama desturi ilivyotaka, alikuwa chumba cha pili hadi atakapoitwa. Kisha kikatokea kipande cha paji la uso na feni ya dari. Huyo ndiye Papa Vénérand. Simu yake aliishika hivyo siku zote.

Hakuna aliyemwamkia mwenzake. Kalume alitazama chini. Feni ilizunguka.

Ankal Mwiti akakohoa, akavaa sauti yake ya sherehe. "Hodi, wenyewe! Sisi ni wapita njia. Tulikuwa tunapita zetu, tukaona ua kwenye bustani ya…"

"Karibuni," alisema Papa Kalume.

"Nani anakaribisha?" paji la uso likauliza. "Mukubwa iko hapa na mudogo anakaribisha?"

"Nyumba ni yangu."

"Nyumba ni yako. Mutoto ni wa Papa Libère, na miye njo nimeshika fasi ya Papa."

"Nani alikupa?"

"Ua," Ankal Mwiti alisema haraka, "lina harufu nzuri sana, na mvua…"

"Muache ua kwanza, muzee," Vénérand alisema. "Ua itangoja. Mbele, hadisi. Huyu mutoto wa Kenya alitangaza habari yetu mu dunia yote. Mugambi! Dan ni nani?"

Ankal alimkanyaga mguu chini ya meza. Lakini swali lilikuwa na jina lake.

"Papa mukubwa," alisema, kidole kimebana waya, "Dan ni Mromania. Nimeambiwa na jirani yangu, bibi wa plamu. Naweza kumwita hapa uani mkamuuliza."

"Usinichezee! Kila mutu mu groupe anajua. Ule wa kuchimba kaburi yake, wanamusomea misa iko muzima, njo miye."

Mugambi alifungua kinywa. Kabla hakijatoa kitu, Papa Kalume aliinua uso kwa mara ya kwanza.

"Weye?" alisema. "Weye ni Dan? Ule mutu wa kaburi ni miye!"

"Kalume, usinichekeshe."

"Sichekeshe mutu. Nilisikia ile sauti nikatoka inje nikakaa mu gari. Nikasema, huyu mutoto aliniona. Nani alitafuta fasi ya kuzika Papa? Ni miye. Nani alipiga simu ku serikali, nani aliandika programu, nani alichagua nyimbo? Ni miye, na hii mikono. Tunafika ku makaburi, weye unasimama kwa sababu uko mukubwa, unataja watoto wa Papa. Unataja wa Bukavu, unataja wa Kampala, unataja hata ule alikufa mutoto. Jina yangu hapana! Nilichimba ile kaburi miye mwenyewe, na weye ukaniingiza ndani."

Halafu simu ya Vénérand ikashuka polepole, na kwa mara ya kwanza Mugambi akamwona uso wote, macho, pua, mdomo. Alikuwa amefanana na Kalume kuliko walivyotaka.

"Nilisahau," alisema. "Nilikuwa nalia. Mutu anasahau."

"Mutu hasahau ndugu yake."

"Na weye? Kisha kaburi, wiki moja tu, unafungua link yako. Unasema mbele ya batu, 'Tumuombee ndugu yetu Vénérand, alituachaka.' Alituachaka! Batu banalia! Miye niko Mount Druitt, niko nakunywa chai, nasikia bananiombea kama maiti. Simu inaita, mama moja ananiuliza, 'Papa, ulikufa siku gani?' Ile haiko misa ya mutu muzima? Nani ni Dan sasa?"

"Ni miye," Kalume alisema.

"Hapana, ni miye!"

"Weye uko na shoka!"

"Shoka iko kwako!"

Ankal Mwiti alijaribu kurudisha ua mezani, hakusikika. Walipaaza sauti, kila mmoja akivuta shimo upande wake kama watu wanaogombea godoro, na Mugambi akakumbuka ufagio wa Bibi Veturia na babu wote wa Târgoviște. Kichekesho kilimpanda kooni. Akakimeza. Kilimkwaruza njia nzima.

Ndipo Mama Chibalonza, aliyekuwa hajasema lolote, akaegemea mbele kupita bega la mumewe.

"Mwaka muzima mulipigania kiti," alisema. "Leo munapigania kaburi. Basi muniambie, tuichimbe ya kipimo gani, muingie wote wawili?"

Papa Vénérand akavuta pumzi ajibu, na kioo kikawa cheusi. Muda wa bure ulikuwa umekwisha.

*

Mugambi alifungua mkutano upya kwa link ileile. Kioo kikamwonyesha yeye mwenyewe na nusu ya Ankal.

"Watarudi?" aliuliza Ankal.

"Sijui."

"Mimi nisingerudi."

Hakuna mlango uliogongwa wala kilio kilichosikika. Kulikuwa na link tu, na kila mmoja huko aliko alikuwa na kidole na kiburi. Wasipobonyeza, neno halifiki. Ornella ataenda Adelaide, na yeye Mugambi abaki akiwapungia mbwa. Mguu wake ulianza kutikisika. Alitaka kuinuka, azunguke meza, azunguke nyumba, lakini akiachia waya kompyuta itazimika, basi akakaa kidole kimebana pale, mwili mzima ukimwasha.

Kikalia kimlio kidogo. Papa Kalume. Peke yake safari hii, mbali kidogo na kamera.

"Mukubwa hajaingia?"

"Bado, Papa."

"Mm."

Wakatazamana kama watu wawili kwenye kituo cha basi. Kalume alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Akaivua tena. Mugambi alikuwa na vichekesho kumi na viwili tayari, na kimoja kilikuwa kizuri sana. Akakiacha.

Kimlio cha pili. Feni ya dari, kisha paji la uso, kisha, polepole, uso.

"Mugambi," alisema Papa Vénérand, "funga sauti yako. Usitoke, juu ukitoka njia inafungika. Lakini usisikilize."

"Ndiyo, Papa mukubwa."

Akazima maikrofoni, akafunika kamera kwa kidole gumba cha mkono wa pili, na hivyo mikono yote ikawa kazini. Ndugu wawili walianza kwa lugha ya kwao, na hata angetaka kusikiliza asingeambulia kitu. Alisikia sauti tu: nzito, nyembamba, nzito. Kitu kama kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Simu ikawaka pajani. Akaisoma bila kuigusa. Ornella: *I'm behind the door. They're talking about Babu's shoes. Nani alichukua viatu vya Babu.* Kisha: *Papa analia.* Kisha: *Wote.*

Zoom ilikata, akafungua, wakarudi. Ilikata tena, wakarudi tena, bila hata kuambiana. Ankal alileta chai na kumnywesha mpwa wake kama mtoto, kwa kuwa hakuwa na mkono.

Jua lilikuwa limeingia upande wa plamu Kiswahili kiliporudi.

"Mugambi, uko?"

Akafungua sauti. "Niko, Papa mukubwa."

"Uko na amende. Faini. Ulichimba kaburi mbele ya nyumba ya batu bila kuuliza."

"Ndiyo, Papa mukubwa."

"Siku barabara itafunguliwa, tunakaa matanga ya Papa Libère. Ya kweli, na batu, na chakula. Viti vyote utabeba weye, miye na Kalume tutakuwa tunaangalia. Kisha matanga, njo tutaongea ua."

Mugambi akaanza kuhesabu siku kichwani. Barabara ingefunguliwa lini, nani ajuaye? Huenda ndege za Adelaide zikatangulia. Alimtazama Papa Kalume, na Papa Kalume akamtazama yeye, na kwa mara ya kwanza tangu asikie ile rekodi akatabasamu, kidogo, upande mmoja.

"Nilisema neno ifike," alisema. "Sikusema ijibiwe. Ornella aende masomo yake, neno itamungoja. Lakini haijafika bado. Muzee Mwiti alisema hodi, na hatukumujibu vizuri. Aseme tena."

Ankal Mwiti akanyoosha kola iliyokwisha kunyooka. "Hodi, wenyewe."

Feni ilizunguka mara mbili tatu. Kisha ndugu wote wawili wakafungua vinywa kwa pamoja, na Zoom, ambayo haijui kubeba sauti mbili za ukoo mmoja, ikameza moja na kupitisha nyingine.

"Karibuni."

"Tumekaribia!" alisema Ankal, kisha akaegemea sikioni kwa mpwa wake. "Ni nani amesema?"

Mugambi alikuwa amesikia vizuri kabisa. Alibana waya, akatazama mbele, na mdomo wake ukakaa umefungwa.